Megawati 105 za Iowa

Mkulima mmoja wa kaunti iliyo magharibi mwa Cedar Rapids, mji ninaoishi katika jimbo la Iowa, Marekani, ametunza ndani ya kabati la jikoni kwake tangazo la mnada lililochapishwa Februari 1985. Nimeishika karatasi hiyo kwa mikono yangu. Imeorodhesha mali za baba yake: trekta mbili, kombaini moja, matela manne ya kubebea nafaka, tangi la mafuta, nguruwe jike 60, mashine ya kupandia, na chini kabisa, baada ya vifaa vya kupalilia, cherehani na kabati la vyombo la mti wa mwaloni. Kabati hilo lilinunuliwa na jirani kwa dola chache, naye akalirudisha jioni ile ile, akaliweka mahali pake bila kusema neno, akaondoka. Ndilo kabati ambamo karatasi inatunzwa hadi leo.

Nilifika nyumbani kwake kwa sababu ya kazi. Mimi ni mkalimani, na mzee huyu ameajiri vijana wawili kutoka Kongo wanaohudumia mabanda yake ya nguruwe, hivyo alihitaji mtu wa kuwafafanulia kwa Kiswahili maelekezo ya usalama, hasa habari za hewa yenye sumu inayotoka katika mashimo ya samadi wakati wa kuyakoroga. Tulipomaliza, alinikaribisha kahawa. Dirisha la jikoni linatazama kusini, na kupitia hapo niliona mitambo saba ya upepo ikizunguka taratibu juu ya mahindi, miwili kati yake ikiwa imesimama katika ardhi yake. Nilimwuliza ilikuwaje akakubali mitambo hiyo isimame shambani kwake, naye badala ya kunijibu akafungua kabati na kunitolea tangazo la mnada.

Mimi nimekulia Sumbawanga, mkoani Rukwa, ambao pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma ulihesabiwa kuwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini Tanzania. Najua maana ya mavuno mazuri yanayogeuka kuwa mzigo, magunia yaliyopangwa uani juu ya magogo yakisubiri lori ambalo halina tarehe, na baba anayehesabu tena na tena deni la mbolea kana kwamba hesabu ikirudiwa itapungua. Kwa hiyo nilipohamia hapa sikuiona Iowa kama sehemu ya ughaibuni yenye utajiri, bali niliiona kama nchi ya mahindi iliyokwisha kubanwa na bei, na tangu hapo nimetaka kuelewa ni nini hasa ilichofanya ili isibaki mahali pale. Majibu mengi niliyoyasikia yanaanza na fedha za wawekezaji. Nadhani fedha zilikuja mwisho, na kwamba mpangilio huo ndio kiini cha habari yote.

Ni vyema kwanza kueleza jimbo lenyewe. Iowa ina watu zaidi kidogo ya milioni 3, kaunti 99, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Huongoza Marekani yote kwa mahindi, kwa nguruwe na kwa mayai, na katika mwaka mzuri huvuna zaidi ya tani milioni 60 za mahindi, ambazo ni mara kadhaa ya mavuno yote ya mahindi ya Tanzania. Lakini mgeni kutoka kwetu hushangaa anapogundua kwamba mahindi haya si ya ugali. Ni mahindi ya njano ya kulishia mifugo na kutengenezea mafuta ya magari, na familia za Kikongo zinazoishi hapa katikati ya bahari ya mahindi hununua unga wao mweupe katika maduka ya vyakula vya Kiafrika, au hulima wenyewe mistari michache ya mahindi meupe pamoja na lengalenga katika bustani zinazotolewa na makanisa.

Katika miaka ya 1970 bei za nafaka zilikuwa juu, serikali ya Marekani ikawahimiza wakulima walime kila kipande cha ardhi, na mabenki yakakopesha kwa kuangalia thamani ya ardhi ambayo ilikuwa ikipanda kila mwaka. Kisha mambo yakageuka yote kwa pamoja. Januari 1980 Rais Jimmy Carter aliuzuilia Umoja wa Kisovieti nafaka ya Marekani kwa sababu ya kuivamia Afghanistan, na mkulima wa Iowa akapoteza soko ambalo hakuwa na neno lolote la kusema juu yake. Mwaka huo huo Benki Kuu ilikuwa ikipambana na mfumuko wa bei, hata kufikia Desemba riba ambayo mabenki yaliwatoza wateja wao bora kabisa ilikuwa asilimia 21.5. Ekari moja ya shamba, ambayo wastani wake ulikuwa dola 2,147 mwaka 1981, ilishuka hadi dola 787 mwaka 1986. Mtu aliyekopa juu ya bei ya kwanza hakuwa na namna ya kulipa katika bei ya pili, hata angeamka saa ngapi na kulima kwa ustadi gani. Mbele ya mahakama za kaunti watu walisimika misalaba myeupe ya mbao kwa ajili ya mashamba yaliyopotea. Katika miaka ya 1980 jimbo lilipungukiwa na watu zaidi ya 130,000, wengi wao vijana.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 1983, bunge la jimbo lilipitisha sheria mbili ambazo hazikuwa na kelele nyingi wakati ule, naye Gavana Terry Branstad, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza madarakani, akazitia saini. Ya kwanza ilizitaka kampuni kubwa mbili za umeme za Iowa zimiliki au zinunue jumla ya megawati 105 za umeme unaotokana na vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha kama upepo na jua. Hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa limetunga sheria ya namna hiyo kabla yake. Kampuni zilipinga kwa miaka mingi, utekelezaji ukavutwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa kipimo cha leo megawati 105 ni kidogo sana, kwani Iowa sasa ina zaidi ya megawati 12,000 za upepo peke yake. Hata hivyo naiheshimu namba hiyo ndogo kuliko namba kubwa zilizofuata. Ilikuwa amri iliyotolewa wakati ambapo hapakuwa na fedha na pengine watu walikuwa na mambo mengine ya kulilia, nayo ilithibitisha kwamba upepo uliokuwa ukipita juu ya mashamba hayo bure ungepaswa siku moja kununuliwa.

Sheria ya pili ya mwaka ule ilihusu mafunzo ya kazi, nayo haitajwi sana hata na wenyeji. Ili kuielewa ni lazima kurudi nyuma zaidi, kwa sababu shule katika Iowa zina historia ndefu kuliko mitambo.

Mwaka 1862, Bunge la Marekani lilipoamua kuyapa majimbo ardhi ya umma ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi, Iowa ilikuwa ya kwanza kuikubali sheria hiyo. Chuo cha Ames, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, kilikua kwa msaada huo. Hapo ndipo George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani Missouri, alipopata shahada yake ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, akiwa mwanafunzi na kisha mwalimu wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Lakini kinachonigusa zaidi ni treni. Kuanzia mwaka 1904 mwalimu mmoja wa Ames, Perry Holden, alizunguka jimbo zima kwa treni ambazo mabehewa yake yaligeuzwa kuwa madarasa. Treni ilisimama katika kituo kidogo, wakulima wakapanda na matope ya shamba miguuni, wakafundishwa namna ya kuchagua mbegu za mahindi na kupima kama zitaota, na baada ya muda mfupi treni ikaondoka kwenda kituo kinachofuata. Chuo hakikungoja mkulima apate muda, nauli na ujasiri wa kwenda chuoni. Kizazi kilichofuata ndicho kilichopokea mbegu chotara. Kampuni ya mbegu hizo iliyoanzishwa mwaka 1926 ilikuwa ya Henry A. Wallace, kijana wa Iowa aliyesoma Ames, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo na kisha Makamu wa Rais wa Marekani.

Mwaka 1965 jimbo likaanzisha mfumo wa vyuo vya jamii, ambavyo leo ni 15, vimetawanywa kiasi kwamba kijana wa kijijini anaweza kusoma kwa miaka miwili huku akilala nyumbani kwao. Sasa ile sheria ya pili ya 1983 ikavipa vyuo hivyo kazi mpya: kampuni inayoongeza wafanyakazi ingeweza kuwafundishia chuoni, chuo kikakopa fedha za mafunzo kwa kuuza hati fungani, na deni likalipwa kwa sehemu ya kodi inayokatwa katika mishahara ya wafanyakazi hao hao wapya. Nimeisoma sheria hiyo mara kadhaa kwa sababu naona uzuri wake haupo juu juu. Jimbo lililokuwa halina kitu halikutoa fedha taslimu kwa mwenye kampuni. Lilitoa ujuzi kwa mfanyakazi, na mfanyakazi anapohama au kampuni inapofungwa ujuzi hauendi na mwenye kampuni.

Sasa tuje kwenye upepo wenyewe. Mwaka 1993 shule za mji mdogo wa Spirit Lake, kaskazini-magharibi mwa jimbo, zilisimamisha mtambo wao mmoja wa kilowati 250 kando ya shule ya msingi. Umeme uliozidi uliuzwa, mkopo ukalipwa, na mwaka 2001 wakaongeza mtambo wa pili wenye nguvu mara tatu. Mwaka 1999, katika kaunti ya Buena Vista karibu na Storm Lake na Alta, likakamilika shamba la mitambo ya upepo ambalo kwa wakati huo lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Na mwaka 2001, chini ya Gavana Tom Vilsack, likaja badiliko la sheria ambalo wataalamu wa umeme wanalitaja kwa heshima kubwa ingawa mwananchi wa kawaida hajawahi kulisikia: kampuni ya umeme iliweza kwenda kwa msimamizi wa serikali kabla ya kujenga, ikaambiwa tangu mapema ni kiasi gani cha gharama na faida itakachoruhusiwa kukirudisha kupitia bei ya umeme. Mwekezaji anaogopa kutokujua kuliko anavyoogopa gharama. Alipojua, alijenga. MidAmerican, kampuni iliyo mikononi mwa Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, ilianza kusimamisha mitambo yake mwaka 2004, na mwaka 2016 ikatangaza mradi mmoja wa megawati 2,000 wenye gharama ya dola bilioni 3.6. Kwa upande wa serikali kuu, nafuu ya kodi kwa umeme wa upepo ilikuwapo tangu 1992, nayo ilipiganiwa na Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mwanachama wa Republican na mkulima mwenyewe. Naona ni jambo la kutafakari kwamba katika jimbo hili upepo haukuwa suala la chama kimoja kwa miaka mingi. Mwaka 2022 zaidi ya asilimia 60 ya umeme uliozalishwa Iowa ulitokana na upepo, kiwango ambacho hakuna jimbo lingine la Marekani lililokifikia.

Kwa mkulima hesabu ni rahisi, na mzee wangu alinifanyia juu ya meza kwa kutumia vikombe. Kikombe kimoja kilikuwa mtambo, kijiko kilikuwa njia ya kuingilia, na meza yote iliyobaki ilikuwa mahindi. Mtambo mmoja pamoja na njia yake huchukua chini ya ekari moja, na kwa kila mtambo hulipwa maelfu ya dola kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe, bei ya mahindi ipande au ishuke. Alisema mwaka wa kwanza alipopokea malipo hayo hakuipeleka hundi benki kwa wiki nzima; aliiweka mezani na kuitazama, kwa kuwa katika maisha yake yote ya ukulima haikuwahi kutokea fedha iingie bila yeye kujua kwanza ni nani atakayeidai. Kaunti nayo hupata kodi, na namna kodi hiyo ilivyopangwa inastahili kuelezwa kwa sababu ni ya watu wenye subira. Mwaka wa kwanza mtambo huhesabiwa kuwa na thamani ya sifuri, kisha hupandishwa kwa asilimia tano za gharama yake kila mwaka hadi asilimia 30 mwaka wa saba, na kubaki hapo. Mjenzi hupewa nafasi ya kupumua mwanzoni, na baadaye kaunti hupata mapato ya kudumu kwa ajili ya barabara, huduma na shule zake.

Si kila kilichofanywa kwa jina la kuleta uwekezaji kilikuwa na subira hiyo. Mwaka 2003 Vilsack alianzisha mfuko mkubwa wa jimbo wa kuvutia viwanda vya kisasa, sayansi ya viumbe na kampuni za fedha na bima, kwa hoja sahihi kwamba jimbo lisibaki likiuza nafaka ghafi. Majimbo yote ya Marekani hushindana kwa mifuko ya namna hiyo, nami siwezi kumlaumu gavana kwa kuingia katika mashindano ambayo kutoingia nako kuna gharama yake. Lakini mji wa Newton unaonyesha mipaka ya njia hiyo. Kwa zaidi ya karne moja Newton ulikuwa mji wa Maytag, watengenezaji wa mashine za kufulia. Mwaka 2006 Maytag ikanunuliwa na Whirlpool, na mwaka 2007 kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata kampuni ya TPI ikafungua hapo kiwanda cha kutengeneza mapanga ya mitambo ya upepo, na ndani ya jengo la zamani la Maytag kampuni nyingine ikawa inatengeneza minara yake. Tarehe 22 Aprili 2009 Rais Barack Obama akaja kuzungumza humo, na picha za siku ile zikazunguka dunia zikiwa ushahidi kwamba mji uliopoteza kiwanda unaweza kupata kingine. Mwishoni mwa mwaka 2021 kiwanda cha mapanga kikasimamisha uzalishaji, na mamia ya watu wakaachwa bila kazi. Fort Madison, kwenye Mto Mississippi, iliyapata hayo hayo mwaka 2012, pale nafuu ya kodi ya serikali kuu ilipokaribia kuisha bila Bunge kuamua kama itaendelea, na kiwanda cha Siemens kikapunguza wafanyakazi kwa mamia.

Mitambo iliyokwisha kusimama haikuhama. Wanaoihudumia hawakuhama. Kiwanda cha mapanga kinaweza kuhamishiwa nchi nyingine kwa uamuzi wa mkutano mmoja, lakini fundi wa kuipandia mitambo ya Iowa hana budi awe Iowa. Chuo cha jamii cha Iowa Lakes, katika mji wa Estherville, kilianza kuwafundisha mafundi hao mwaka 2004, na mwaka 2005 kikasimamisha mtambo wake wenyewe ili wanafunzi wajifunze juu ya kitu halisi. Ukiniuliza ni tawi gani la mti huu lililozaa tunda la kudumu, nitakuonyesha hilo.

Hapa ninaweza kueleza jambo nililolishuhudia. Mwaka jana niliitwa katika shule moja ya sekondari kutafsiri mazungumzo kati ya mshauri wa wanafunzi na mama mmoja aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye mwanawe alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kijana alitaka kwenda chuo cha jamii kusomea ufundi wa mitambo ya upepo. Mshauri alifungua kompyuta akaonyesha video ya mafundi wakipanda ngazi ndani ya mnara, ngazi iliyonyooka kwenda juu mita 80, kila mmoja akiwa amejifunga mkanda kifuani na mapajani, kisha wakatoka juu ya paa la chumba cha mashine na kusimama hapo, na mahindi chini yao yakionekana kama zulia. Mama alitazama hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, “Papa, umuulize, ile kamba, ni yeye mwenyewe anaifungaga ao kuko mutu anamufungia?”

Nilimtafsiria mshauri swali hilo, naye, kwa bahati, alikuwa mtu wa makini asiyecheka mambo ya mzazi. Alieleza kwamba kila fundi hujifunga mwenyewe, kisha mwenzake humkagua, na hakuna anayepanda kabla ya kukaguliwa. Mama akauliza muda wa masomo, akauliza ada, akauliza kama mwanawe angerudi nyumbani jioni. Swali la mshahara hakuliuliza kabisa, ikabidi mshauri mwenyewe aliseme. Tulipotoka nje aliniambia kwamba katika kambi aliambiwa kwa miaka mingi kuwa watoto watasoma, na walisoma kweli, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi iliyokuwa ikimsubiri mtoto upande wa pili wa masomo. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko takwimu zote nilizoziandika hapa. Kwetu Rukwa pia tulijengewa madarasa, na wenzangu niliosoma nao walifaulu, kisha wakapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa sababu elimu yao ilikuwa haina mlango wa kuingilia katika uchumi wa mahali tulipozaliwa.

Nisingependa msomaji adhani kwamba Iowa imepona. Kati ya kaunti zake 99, zaidi ya nusu zilipungukiwa na watu kati ya 2010 na 2020, na ukipita katika miji midogo utaona jengo zuri la matofali lililokuwa sekondari sasa likiwa ghala. Wastani wa bei ya ekari ulifika dola 11,835 mwaka 2023, na karibu theluthi mbili ya ardhi ya kilimo imo mikononi mwa watu waliotimiza miaka 65 au zaidi, hivyo kijana asiye na urithi hawezi kuanza kulima. Vituo vikubwa vya data, yaani majengo ya kompyuta za kampuni za mtandao, vilivyokuja Council Bluffs, Altoona na kandokando ya Des Moines vilifuata umeme mwingi na wa bei nzuri, ambao mwingi wake ni wa upepo, lakini ajira zake ni chache mno: mwaka 2017 Apple ilipokubali kujenga Waukee iliahidiwa nafuu za zaidi ya dola milioni 200 kwa mradi ulioahidi ajira 50 za kudumu. Kwa hesabu yangu hiyo ni zaidi ya dola milioni 4 kwa kila ajira, na bado sijapata mtu wa kunieleza vizuri kwa nini hesabu hiyo iliwaridhisha walioikubali.

Na yapo maji, jambo ambalo linaniumiza kuliko yote. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Iowa huenda kutengeneza ethanoli, yale mafuta ya magari, katika viwanda zaidi ya 40, na ethanoli huhesabiwa kisheria kuwa nishati jadidifu. Iliyaokoa mapato ya wakulima wengi, hasa baada ya sheria za serikali kuu za mwaka 2005 na 2007 zilizolazimisha ichanganywe katika petroli. Lakini imeifunga ardhi katika mahindi kila mwaka, mahindi hutaka nitrojeni, na nitrojeni ya mbolea na ya samadi hutiririka kupitia mabomba yaliyozikwa chini ya mashamba hadi mitoni. Des Moines ililazimika kujenga mtambo wa kuondoa nitrati, kemikali yenye madhara inayotokana na nitrojeni hiyo, katika maji ya kunywa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2015 shirika la maji la mji huo lilizishtaki kaunti tatu za wakulima, na mwaka 2017 kesi ikatupwa. Juni 2025 nitrati katika mito ilipanda kiasi kwamba wakazi wa Des Moines na miji jirani walipigwa marufuku kumwagilia nyasi zao, ili mitambo ya kusafisha iweze kumudu maji ya kunywa peke yake. Mimi huwatafsiria akina mama wajawazito katika kliniki, na kuna wakati hulazimika kutamka neno nitrati mbele ya mtu aliyekimbia vita akidhani kwamba angalau maji ya bomba hayatakuwa tena jambo la kumnyima usingizi. Upepo na ethanoli vimewekwa chini ya jina moja la nishati jadidifu, lakini kimoja huiachia ardhi na maji nafasi ya kupumzika, kingine huvikamua.

Sasa nafuu za kodi za upepo zinafikia mwisho tena. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaitaka miradi mipya, ili ipate nafuu hizo, ianze ujenzi kufikia tarehe 4 Julai 2026 au iwe imekamilika kufikia mwisho wa 2027. Baadhi ya kaunti nazo zimeweka masharti magumu au kusimamisha mitambo mipya, kwa sababu wapo wakazi wasiotaka kuona taa nyekundu zikiwaka na kuzimika usiku kucha mpaka upeo wa macho, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Mzee wangu anajua majirani wawili waliotaka mitambo na wakaikosa, na mmoja aliyeipinga na hasemi naye tena.

Kijana wa Uvira alianza masomo Agosti. Mwezi Oktoba, mavuno yalipokuwa yakiendelea, nilimwomba mzee ruhusa ya kumleta mama yake auone mtambo kwa karibu, naye akatuongoza kwa gari lake kwenye njia ya changarawe hadi chini ya mnara. Ukisimama hapo unasikia panga likipita, mvumo mzito unaokuja na kuondoka, na kivuli chake kinakimbia juu ya mabua yaliyokatwa. Mama aliweka kiganja juu ya chuma, akauliza, “Hii mashini ni ya nani?” Mzee akajibu kwamba ardhi ni yake, mashine ni ya kampuni, umeme unakwenda popote unapohitajika, na sehemu ya kodi inakwenda katika shule wanazosoma wajukuu zake. Mama akatazama mlango mdogo wa chuma ulio chini ya mnara, wenye ngazi fupi na kufuli, akauliza kama mzee angeweza kuufungua ili aone ile ngazi ya ndani. Mzee akasema hana ufunguo wake na hajawahi kuwa nao. Ufunguo hukaa na mafundi.

Nikamtafsiria. Mama akauzunguka mnara mara moja, taratibu, mkono ukiwa bado juu ya chuma, akarudi mbele ya ule mlango akasimama hapo kwa muda, kisha tukaingia garini kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na kombaini ya mzee ilikuwa bado shambani.